Wiki ya Handbreki

Mwezi uliopita nilipeleka gari langu gereji. Kijana alipofungua gurudumu la nyuma, kabla hajasema neno, nikajua tatizo ni nini. Nilijua kwa pua. Lainingi za breki zikilowa oili ya ekseli, kisha zikapata moto, hutoa harufu yake ya pekee, kitu kati ya chapati iliyosahauliwa jikoni na nywele zilizoungua. "Sili ya ekseli imekwisha, oili inavuja," nikamwambia. Kijana akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni. Mama wa makamo, mwenye miwani na mkoba wa kwendea kanisani, amejuaje habari za sili? Nilitabasamu tu. Ningeanza kumweleza tungekaa hapo hadi jioni, na yeye alikuwa na magari mengine matatu yakimngoja.

Breki nilijifunza nikiwa darasa la tatu, katika wiki moja ya likizo ya Agosti, na mwalimu wangu alikuwa Baba, naye alifundisha akiwa amelala chali chini ya pikapu yetu kule Nyalenda, mjini Kisumu.

Pikapu hiyo ilikuwa kuukuu tangu siku Baba alipoinunua. Upande mmoja ilikuwa ya samawati, na upande wa pili ilikuwa imewahi kuwa ya samawati. Majirani waliibandika jina la Kesho, kwa sababu, walisema, ukiikodi leo itakufikisha kesho. Baba alicheka nao na akaendelea kubeba: matofali, mahindi, madawati ya shule, samaki kutoka ufuoni, mara nyingine jeneza pamoja na waombolezaji wake. Akienda kupakia samaki alirudi kinyumenyume mpaka magurudumu ya nyuma yakaingia ziwani, ili akina mama wasitembee mbali wakiwa na makarai vichwani. Kila mtu alimsifu kwa wema huo. Breki hazikuulizwa maoni yao.

Handbreki ya Kesho haikuwa ile fimbo ya katikati ya viti mnayoijua. Ilikuwa mpini uliochomoza chini ya dashibodi, karibu na goti la dereva. Ukitaka kuifunga unauvuta mpini kuelekea kwako, nao unalia kra, kra, kra, jino baada ya jino. Ukitaka kuifungua unauzungusha kidogo kisha unausukuma urudi ndani. Baba hakuiamini. Kila alipoegesha penye mteremko aliuvuta mpini, halafu akashuka, akatafuta jiwe, akalitia mbele ya gurudumu. Mimi nilidhani madereva wote duniani hufanya hivyo. Nilidhani jiwe ni sehemu ya kuegesha, kama amina ilivyo sehemu ya sala.

Mama yake Mama, ambaye sote tulimwita Dani, aliishi juu ya Sondu, pale barabara ya murram inapoanza kupanda kuelekea Nyabondo. Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. La kulia lilikuwa jeupe kabisa. La kushoto lilibaki na ukungu ambao kupitia kwake, alisema, watu walionekana kama nguo zilizoanikwa. Mwaka huo madaktari wa macho walikuja katika hospitali moja mjini Kisumu kwa wiki mbili tu. Mama alipanga foleni tangu alfajiri akiwa na mdogo wangu mgongoni, akapata kumwandikisha Dani. Wakishaondoka madaktari hao, hakuna aliyejua wangerudi lini, au kama wangerudi wakati jicho la kushoto bado lina ukungu tu. Kwa hiyo Jumamosi moja Baba akatumwa kumleta Dani, nami nikatumwa pamoja naye.

Nilitumwa kwa sababu maalumu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani, na katika familia yetu sheria hiyo ilishikwa barabara. Baba na Dani hawakupeana mkono hata siku moja, hawakula meza moja, hawakutazamana usoni. Walisalimiana kwa mbali, kila mmoja akiwaangalia kuku. Neno lolote zaidi ya salamu lilipitia kwa mtu wa tatu, na mtu huyo, Mama asipokuwepo, nilikuwa mimi. Nimewahi kusimama katikati yao, hatua tano upande huu na tano upande ule, kila mmoja akisikia kila kitu, na bado nikafanya kazi yangu.

"Awino, mwambie dani yako mvua imechelewa mwaka huu."

"Dani, Baba anasema mvua imechelewa."

"Mwambie ni kweli. Hata kuku wamekonda."

"Baba, Dani anasema hata kuku wamekonda."

Nilijiona mtu mkubwa sana. Na kwa vile Dani hangeweza kukaa bega kwa bega na mkwe wake ndani ya gari, ilikuwa lazima mtu akae katikati. Mama alikuwa na mtoto mchanga, basi nikaenda mimi niwe ukuta.

Tulifika kwa Dani, tukala, Baba kivyake na sisi kivyetu, na wakati wa kuondoka Baba akaliwasha gari mapema. Stata ya Kesho ilikuwa na kiburi. Ukizima injini bila kujipanga ungehitaji wanaume wanne wa kusukuma. Kwa sababu hiyo pia aliegesha pua ikielekea bondeni. Akaacha injini ikinguruma, akavuta mpini, akatia jiwe mbele ya gurudumu, kisha akavuka boma kwenda kwa mjomba wangu kuchukua gunia la mtama ambalo Mama aliagiza. Dani alikuwa ameshavaa gauni lake la Jumapili na kitambaa cha kichwa, anazunguka uani akiaga vitu vyake kwa mkono: mlango, mtungi, kamba ya nguo. Mimi nikapanda ndani ya gari peke yangu kushika nafasi yangu ya katikati.

Mtoto aliyeachwa peke yake ndani ya gari linalonguruma hushika kila kitu. Nilishika usukani. Nilishika swichi ya taa. Nilishika mpini wa handbreki, uliokuwa wa baridi na mzuri mkononi. Niliuzungusha? Niliusukuma? Hata leo siwezi kuapa. Ninachokumbuka ni kwamba ua la ojuok, ile miti ya kijani isiyo na majani ambayo kwetu huzungushiwa maboma, lilianza kunijia. Nilidhani ni ua linalotembea. Lilikuja polepole, kisha likakazana, kuku wakaruka pande zote mbili, nikamsikia Dani akipiga ukelele, halafu kukawa na mshindo na matawi yakalala juu ya kioo huku utomvu mweupe ukichuruzika. Tulifundishwa kwamba utomvu wa ojuok ukiingia jichoni unapofua, kwa hiyo nilifumba macho na kuyafunika kwa mikono yote miwili. Ng'ambo ya ua lile palikuwa na korongo. Hilo nililijua vizuri, ndiko tulikokatazwa kuchezea.

Baba alifika mbio, mtama ukiwa umemwagika nyuma yake njia nzima. Alinitoa, akanipapasa kichwa, mikono, miguu, akazima injini. Ndipo akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Awino, ulishika handbreki?"

"Nilishika, Baba."

Hakunipiga. Alijishika kichwa tu. Mjomba, aliyekuwa amefika nyuma yake, akafyonza na kusema, "Watoto wa town, hao." Nikamtafuta Dani kwa macho. Alikuwa ameketi chini mavumbini katika gauni lake safi, miguu imenyooka, ncha ya leso mdomoni. Kisha akamwambia mjomba, bila kugeuza uso, "Mwambie Baba Awino mimi siendi tena. Macho yangu yabaki hivi hivi."

Hakutoa sababu. Mjomba alimsihi, akakataa. Basi sababu nikaitoa mwenyewe moyoni mwangu: Dani hawezi kupanda gari moja na mtoto aliyelifungulia gari likimbie. Nilikuwa na hakika nayo kama nilivyokuwa na hakika na jina langu.

Njiani kurudi Kisumu nilikaa katikati, na kiti cha mlangoni kikawa kitupu. Sikuthubutu kuhamia pale. Mama alipotuona tukishuka wawili aliuliza, "Mama yuko wapi?" Baba akamweleza kwa maneno machache. Mama alinitazama mara moja, akageukia ukutani, akaendelea kunyonyesha. "Ijumaa daktari anafunga," akasema. Usiku huo sikugusa ugali. Nilijichukia kwa chuki kubwa ambayo sikujua mtoto anaweza kuwa nayo, na nikapanga, kama nikikua, nimwazime Dani jicho langu moja.

Baba hakuwa mtu wa kukemea. Alikuwa mtu wa kufungua vitu. Redio ikikohoa aliifungua, kufuli likikwama alilifungua, na Jumatatu asubuhi, badala ya kwenda kutafuta mizigo, alitandaza gunia chini ya Kesho na kuniita.

"Awino, kuja hapa. Panda ndani."

"Sitaki, Baba."

"Gari iko mahali sawa, haiwezi kuenda popote. Kuja."

Nilipanda, mkono mmoja ukiwa kwenye mlango. Yeye akaingia uvunguni, nikaona viatu vyake tu.

"Sasa vuta handbreki. Polepole. Hesabu meno."

Nikavuta kwa mikono miwili. Kra. Kra. "Kumi na moja, Baba. Imefika mwisho."

"Kumi na moja?" Viatu vyake vikasogea. "Nikiinunua ilikuwa sita."

Akatoka, akapangusa mikono, akaenda nyuma na kulisukuma gari kwa bega. Mpini ukiwa umevutwa hadi jino la kumi na moja, Kesho ikaondoka kama baiskeli. Nilipiga kelele nikaruka chini. Baba akaliwahi mlangoni, akakanyaga breki ya mguu, akanitazama.

"Uliona?"

"Niliona."

"Uliona nini?"

"Imeenda."

"Na handbreki ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa imevutwa yote."

"Sawa," akasema tu. Baba hakupenda kusema jambo ambalo hajaliona mwanzo na mwisho wake.

Akanieleza. Kutoka kwenye mpini unatoka waya mmoja unaopita chini ya gari. Katikati unafika kwenye kipande cha chuma kinachogawa nguvu zake kwa nyaya mbili, mmoja wa gurudumu la nyuma kulia, mmoja wa kushoto. Nikivuta mimi juu, lazima nyaya zote mbili zitembee chini. Basi tukafanya kazi, mimi juu, yeye uvunguni, majirani wakipita na kuuliza kama Kesho imeanza shule. Vuta. Achia. Vuta tena.

"Wa kushoto unatembea," sauti yake ikatoka chini. "Wa kulia umelala. Umekufa kabisa." Kutu ilikuwa imeujaa waya ule ndani ya ganda lake. Aliumwagia mafuta ya taa, akaugonga, akauvuta kwa koleo, ukakataa. Maji ya ziwa yalikuwa yameingia humo miaka mingi, tone kwa tone, kila mara Baba alipowafanyia akina mama wema wake.

"Lakini wa kushoto uko sawa?" nikauliza. Nilitaka uwe sawa na nilitaka usiwe sawa.

"Ngoja tuone."

Akainua upande wa kushoto kwa jeki mpaka gurudumu likaning'inia. Nikavuta meno yote kumi na moja. Baba akalizungusha gurudumu kwa mkono mmoja, likazunguka, likazunguka. Basi akalitoa, akaligonga dramu la breki kwa nyundo mpaka likachomoka, na ile harufu ikatoka. Lainingi zilikuwa nyeusi, zinang'aa, zimelowa oili chapachapa. Alipitisha kidole, akanusa, akanisogezea ninuse.

"Hii ni nini?"

"Mafuta."

"Sili ya ekseli imepasuka. Oili inatoka huko inaingia hapa. Sasa breki itashika nini? Inateleza tu."

Akaketi juu ya gurudumu lililolala chini, kitambaa mkononi, akawa anafuta kidole kimoja kimoja. "Awino, ile siku ulivuta ama ulisukuma?"

"Sikumbuki, Baba. Kweli sikumbuki."

"Haya, sikiza. Kama ulivuta, gari ingeenda. Kama ulisukuma, ingeenda. Kama hukugusa kabisa, ingeenda. Umeelewa?"

Sikuelewa, au niliogopa kuelewa.

"Hiyo handbreki ilikufa kitambo. Mimi nilijua ni mgonjwa, nikaendelea tu kubeba watu nayo. Si wewe. Umesikia? Si wewe."

Nililia hapo ambapo sikuwa nimelia Jumamosi wala Jumapili. Baba aliniacha nilie, hakusema nyamaza. Nilipomaliza alinipa ule upande safi wa kitambaa chake, ambao haukuwa safi.

"Lakini jiwe niliweka," akasema baadaye, kama anayejisemea. "Jiwe kubwa. Uliniona nikiliweka?"

"Nilikuona."

"Lilienda wapi? Gari haiwezi kuruka jiwe kama hilo. Nani alikuwa karibu na gari?"

"Hakuna mtu. Dani tu, alikuwa anaaga vitu vyake."

Kitambaa kikasimama kwenye kidole. Kisha kikaanza tena, taratibu. "Basi liliteleza," Baba akasema. "Mawe huteleza." Akaniambia habari ya jiwe tusiipeleke kwa Mama, ana mengi. Nilimwamini. Nilikuwa na furaha yangu mpya ya kushughulikia, jiwe la nini?

Jumanne tulikwenda kwa mzee mmoja wa Kisikh, Bwana Singh, aliyeuza spea kuukuu nyuma ya stesheni ya reli. Alisikiliza, akapanda ngazi, akatungua waya kutoka darini, akaunyoosha na kuuvuta ndani ya ganda lake mbele ya macho yetu. Ukateleza kama mpya. "Gari yake imekufa, yeye mzima," akasema. Akachukua na lainingi, na sili. Kisha akamtikisia Baba kidole. "Samaki ndiyo naishi ndani ya maji. Gari hapana." Baba alicheka, lakini nilivyomjua aliona haya.

Jumatano nzima tulifunga tulichofungua. Alisafisha dramu kwa petroli, akaweka sili, akaweka lainingi, akapitisha waya mpya. Nyuma ya kila gurudumu kuna kijigurudumu kidogo chenye meno. Alikizungusha kwa bisibisi mpaka lainingi ikasikika ikikwaruza dramu, kisha akakirudisha kidogo tu. "Usikaze sana itaungua," alinieleza, "usilegeze sana itakudanganya." Akaniamuru nivute.

"Sita, Baba!"

"Tena."

"Sita!"

Jioni, jua likiwa bado liko juu, tukaipeleka Kesho kwenye kilima cha Riat. Baba aligeuza gari likatazama mji, ziwa lote likiwa limelala huko chini. Akakanyaga breki, akavuta mpini mara sita, akatia gia huru. "Natoa mguu," akasema. Nilishika mlango. Akautoa mguu. Kesho ilitikisika kidogo, ikajituliza kama kuku juu ya mayai, ikabaki palepale. Baba alifurahi hata akazima injini, na hapo ndipo alipokumbuka stata. Tukatazamana.

"Sasa ni kazi yako," akasema. "Fungua handbreki."

"Mimi?"

"Zungusha. Sukuma."

Nikazungusha, nikasukuma. Kesho ikaanza kuteremka, Baba akatia gia, injini ikakohoa na kuwaka, nasi tukateremka Riat tukicheka wote wawili kama walevi.

Alhamisi tulikuwa kwa Dani kabla ya saa nne. Baba aliegesha palepale, pua ikielekea lile pengo tulilolitoboa uani, akavuta mpini, akaacha injini ikinguruma. Hakutafuta jiwe. Dani alikuwa mlangoni kwake, mbele ya ungo, akichambua maharagwe kwa vidole. Baba akasimama mbali, kofia mkononi.

"Awino, mwambie dani yako nimekuja kumchukua. Gari nimetengeneza."

"Mwambie ahsante," Dani akasema. "Mwambie siendi."

"Mwambie handbreki ilikuwa mbovu pande zote mbili. Na mimi nilijua. Mtoto hana kosa."

Nilipeleka ujumbe huo kwa sauti kubwa, maana ulikuwa wangu. Vidole vya Dani vikasimama kwenye maharagwe.

"Amesema mtoto hana kosa?"

"Ndiyo, Dani."

"Na jiwe? Amesema nini juu ya jiwe?"

Nikamgeukia Baba. Alikuwa akiwaangalia kuku kwa bidii. "Mwambie jiwe liliteleza," akasema.

Dani aliweka ungo chini. Akainuka akishikilia fremu ya mlango, akanipita, akatembea kuelekea kwa Baba mpaka nikaogopa kwamba haoni alipo. Alipobakisha hatua tano alisimama, akampa bega, kama heshima inavyotaka, uso ukielekea ghalani. Na akasema naye. Hakupitia kwangu. Maishani mwangu nilikuwa sijapata kusikia jambo hilo.

"Baba Awino, jiwe halikuteleza. Nililitoa mimi. Nilijikwaa nalo, nikalipapasa, nikaona limewekwa mbele ya gurudumu la mkwe wangu saa anapoondoka kwangu. Nikasema, ni watoto wa nani hawa wanaomfungia mkwe wangu njia? Nikaona haya. Nikalibeba nikalitupa kwenye migomba kabla hujaliona. Kisha gari likaenda na mtoto ndani. Ukamwuliza mtoto, mtoto akasema ni yeye, nami nikanyamaza. Sikuweza kupanda gari lako na uso huu."

Kwa Dani, kumzibia mkwe njia ya kurudi kwake lilikuwa tusi kubwa kuliko kumnyima chakula. Alikuwa amefanya adabu, na adabu yake karibu inimalize korongoni. Wiki nzima hakuogopa gari, wala hakuniogopa mimi. Aliona aibu.

Baba aliinamisha kichwa. Angeweza kumjibu mwenyewe, mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Lakini aliniita.

"Awino."

"Ee, Baba."

"Mwambie dani yako kuna wakwe wanaowekewa mawe njiani. Mimi naondolewa. Mwambie nimeshukuru."

Nikamwambia, neno kwa neno. Dani alipangusa uso wake kwa leso, upande mmoja, kisha wa pili.

"Mwambie nachukua kikapu changu," akasema.

Jicho la kulia lilifunguliwa kesho yake, Ijumaa ya mwisho, na Dani aliishi nalo miaka mingi, akichambua maharagwe yake akiyaona. Lakini mimi safari ile naikumbuka kwa soko la Katito, njiani kurudi Kisumu. Tulipofika sokoni Baba alivuta mpini, akashuka kununua ndizi, nikabaki na Dani. Nitasema ukweli: nilikuwa nimekasirika. Mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi, na wake ulikuwa umebebwa siku tatu na mtoto wa darasa la tatu huku mwenyewe akikaa kimya Sondu. Nilitazama mbele. Dani akageuza uso wake, jicho moja jeupe, jingine lenye ukungu, akanitafuta.

"Awino, ulilia wiki hii?"

"Nililia, Dani."

"Kwa ajili yangu."

Niliendelea kutazama mbele.

"Nilijiambia wewe ni mtoto," akasema. "Nikasema mtoto husahau upesi kuliko mtu mzima. Umesahau?"

Mtu mzima, mama wa mama yangu, alikuwa mbele yangu akingoja nitakachosema.

"Nimesahau, Dani," nikamwambia.

Sikuwa nimesahau hata kidogo, na yeye alilijua hilo, lakini alinishika mkono, na hakuuachia mpaka tulipofika hospitalini.